Kamera Isiyolia Matangani

Nanyama alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wengine huogopa nyoka wakimwona. Yeye alianza kumwogopa pale nyasi zilipoanza kurefuka. Ndiyo maana Ijumaa ile mchana, siku moja kabla ya maziko ya Mzee Okumbe, alikuwa ameketi kwenye stuli ndani ya studio yao nyuma ya soko la Kibuye, kamera mbili zimelazwa mbele yake juu ya taulo, akizitazama kama mama aliyeambiwa achague ni yupi kati ya watoto wake atavuka barabara peke yake.

Kubwa ilikuwa ya mumewe, Obonyo. Aliinunua kwa mwandishi wa gazeti aliyekuwa akistaafu, ikiwa tayari imezunguka mikutano ya siasa na mafuriko ya Nyando kwa miaka mingi. Rangi yake nyeusi ilikuwa imechubuka kwenye kona hadi chuma kikachungulia. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ukiitundika shingoni asubuhi, jioni unageuka mwili mzima ili utazame kando. Ndani yake mlikuwa na kioo. Ukiweka jicho kwenye tundu ulimwona mtu mwenyewe, kwa mwanga ule ule wa jua, na ukibonyeza, kioo kiliruka na kurudi mahali pake kwa mlio uliosikika hadi barabarani: klaa. Mvua haikuiingia. Betri yake ilimaliza matanga ya siku mbili. Na ilibeba kadi mbili kwa mpigo, kila picha ikiandikwa huku na huku, ili moja ikiharibika nyingine ibaki.

Ndogo ilikuwa ya binti yao Sheryl, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyeinunua kwa jasho la kusuka watu nywele. Mpya, nyepesi, plastiki tupu. Haikuwa na kioo hata kidogo. Ulichokiona tunduni kilikuwa televisheni ndogo inayokuonyesha picha kabla hujaipiga.

"Hii ya Baba ilikuwa mfalme, Mama, sikatai," Sheryl alisema, akiwa amesimama mlangoni. "Lakini ni mfalme wa zamani. Ukiingia nayo ndani ya nyumba ya matanga, mahali kuna dirisha moja, picha zinatoka na chenga kama mchele haujapepetwa. Yangu inaona gizani. Inamtafuta mtu macho yenyewe, inamshika, hata akigeuka haimwachi. Wewe hapo unahangaika na kile kidoti chako cha kulengea mpaka mtu amekwisha funga mdomo."

"Ina kadi ngapi?"

"Moja."

"Na ya baba yako?"

"Mbili."

"Basi."

"Mama, kadi za siku hizi haziharibiki ovyo."

"Hata breki haziharibiki ovyo," Nanyama alisema. "Mpaka siku ile."

Obonyo alikuwa kwenye kiti chake pembeni mwa pazia la studio. Presha ya macho ilikuwa imemla nuru yote isipokuwa kiasi cha kutofautisha mlango na ukuta, lakini masikio yake hayakupitwa na neno. Alicheka.

"Mwachie mtoto. Nilipoleta hiyo kubwa hapa, fundi aliyenifundisha kazi aliniambia kamera isiyo na filamu ni redio. Akakataa kuishika mpaka akafa."

"Na hii ya Sheryl utaiitaje?"

"Hiyo ni simu imevaa koti," Obonyo akasema, na hata Sheryl akacheka.

Nanyama hakucheka. Alikuwa akiwaza matanga ya kesho.

Alizaliwa Chwele, kule Bungoma, akaacha shule darasa la saba, akaletwa Kisumu na shangazi yake kuuza nguo za mitumba pale Kibuye. Siku moja alikuja studio hii kupigwa picha ya kitambulisho. Obonyo akamwambia amepepesa macho, arudi kesho. Alirudi kesho mara nne, ndipo akaelewa kwamba hakuwa amepepesa. Miaka ishirini na sita imepita tangu wakati huo. Obonyo alipoanza kugonga meza na kumwaga chai kando ya kikombe, miaka sita iliyopita, Nanyama aliichukua kamera kubwa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuichukua. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu yake hakuyajua vyema. Alivijua vitufe kwa mahali, kama mtu anavyolijua jiko lake gizani. Obonyo alimshika kidole na kukipeleka: hapa mwanga, hapa kasi, hapa kusafisha kadi. Kadi ikiingia, isafishe kabla ya kazi. Chini mara tatu, kati, kati tena. Vidole vikakariri.

Na akamfundisha jambo lililo kubwa kuliko vitufe.

"Watu wa matanga hawakutazami," alimwambia. "Wana machozi. Wanakusikiliza. Kwa hiyo usipige mara moja. Piga mbili. Ya kwanza ni picha. Ya pili ni ya kuwaambia, tumemaliza, wapisheni wengine."

Obonyo alijua anachosema. Zamani za filamu, mkanda wa maziko ya watu fulani wa Seme uliungua kwa mwanga kabla haujasafishwa. Ndugu wa marehemu walikuja studio wakaketi kwenye benchi siku tatu mfululizo, bila kutukana, bila kusema lolote. Picha ya harusi ikipotea, bwana na bibi watavaa tena na kutabasamu. Maiti hapigwi tena. Nanyama alikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa wakati huo, akiwapitishia wale watu chai ambayo hawakuinywa, na tangu siku hizo hakuwahi kwenda matangani bila kuwakumbuka.

"Zote mbili zitaenda," alisema mwishowe, akiikunja taulo. "Lakini ya kazi ni hii kubwa."

Boma la Mzee Okumbe lilikuwa juu ya Sondu, kwenye mteremko, mahali unapousikia mto bila kuuona. Kabla hajaitoa kamera mkobani, Nanyama alihesabu njia za kutokea. Geti moja, limejaa pikipiki za vijana waliosindikiza maiti kutoka mochari. Ua wa michongoma pande tatu. Kijia cha ng'ombe nyuma ya choo. Hakumwambia Sheryl. Mtoto ukimwambia unahesabu milango, anaanza kukuchunga wewe badala ya kazi.

Mzee aliacha wake wawili. Mama Dorca, mikayi, yaani yule wa kwanza, alikuwa na nyumba iliyotazama geti, na mbele ya mlango wake ndiko jeneza lilikowekwa. Mama Aoko, wa pili, alikuwa na nyumba upande wa kushoto. Matanga ya namna hii hupigwa picha kwa utaratibu: nyumba kwa nyumba, mjane kwanza, kisha wana, kisha wake za wana, kisha wajukuu, kila kundi likisimama kando ya jeneza lililofunguliwa. Picha hizo si za kutazama tu. Miaka ikipita, watu wakibishana ni nani alikuwa nani katika boma hilo, albamu huletwa mbele ya wazee na kidole kikawekwa juu yake.

Nyumba ya Mama Dorca ilipigwa asubuhi, juani, kwa kamera kubwa. Kundi linakuja, linasimama, linanyoosha mabega. Klaa, klaa. Linaondoka. Hata waliokuwa jikoni wakimenya ndizi waliusikia mlio.

Kisha upepo ukaleta wingu kutoka upande wa ziwa, na jeneza likaondolewa uwanjani, likaingizwa ndani ya hema la buluu. Mle ndani kila uso ulikuwa na rangi ya samaki wa jana. Ndipo nyumba ya Mama Aoko ilipoitwa. Lakini mchungaji alikuwa na maziko mengine ng'ambo ya mto, naye hakutaka kungoja. Alianza maombi huku watu wa nyumba ya pili wakipita kumuaga mzee wao.

Nanyama alipiga mara moja. Mchungaji akafungua jicho moja.

"Mama wa picha," alisema kwenye kipaza sauti, boma zima likisikia, "hiyo mashine yako inapasua maombi kama kuni."

Watu wa viti vya nyuma walicheka kwa pua. Nanyama alihisi uso ukimchoma. Alitazama skrini: ile picha moja aliyoipiga ilikuwa giza, Mama Aoko amezama kivulini kama mtu aliye chini ya maji. Akarudi nyuma hatua tatu, akamshika Sheryl kiwiko.

"Piga wewe," alinong'ona. "Na uizime sauti."

"Niizime kabisa?"

"Kabisa."

Hofu ya mchungaji ilikuwa imefukuza kila kitu kingine kichwani mwake. Sheryl alipita kati ya viti kama paka, na kamera yake haikutoa hata pumzi. Mama Aoko aliinama juu ya jeneza, midomo ikitembea. Wanawe walisimama kando yake, wakingoja. Nanyama aliwaona wakingoja, asijue wanangoja nini. Obiero, mkubwa wao, mwenye shati jeupe, alisimama wima, mikono mapajani, macho mbele. Akakaa hivyo muda mrefu. Akamtazama mama yake. Akatazama nyuma, kisha mbele tena.

Halafu mchungaji akasema amina, kifuniko kikashushwa, na skurubu zikaingia.

Kifuniko kikishafungwa na kuombewa hakifunguliwi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa hilo.

Ndipo Nanyama alipofahamu walichokuwa wakingoja. Walikuwa wakingoja kusikia.

Obiero alimfikia kabla hajatoka hemani. Nyuma yake walikuja vijana sita, saba, wenye makoti ya pikipiki.

"Mama, wacha nikuulize kitu kidogo. Kwa Mama Dorca umepiga mara ngapi?"

"Nyingi, baba."

"Nilihesabu. Hamsini na mbili. Na sisi?"

"Mmepigwa."

"Mara moja. Nilisikia moja. Halafu ukarudi nyuma, ukanong'onezana na huyu msichana, kukawa kimya. Sasa niambie, chai ya asubuhi mlikunywa nyumba gani?"

Walikuwa wameinywa kwa Mama Dorca, chai na viazi vitamu, kwa sababu huko ndiko walikopelekwa walipofika.

"Nimewapiga kumi na nne," Sheryl akasema. "Hii kamera hailii. Niliizima sauti."

Obiero aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Tumepigwa picha na kamera bubu."

"Mwambie hata mimi pikipiki yangu haina injini," mmoja alisema. Walianza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho.

"Basi tuonyeshe."

Sheryl aliiwasha. Kibetri chekundu kilitokea kwenye skrini, kikapepesa, kisha kote kukawa kweusi. Akajaribu tena. Ile televisheni ndogo ya tunduni ilikuwa imekunywa betri tangu asubuhi, hata wakati hakuna aliyekuwa akipiga chochote. Betri ya pili ilikuwa Kibuye, ukutani, kwenye chaji. Asubuhi Sheryl alitaka kurudi kuichukua, na Nanyama, kwa kuogopa kuchelewa, alimsukuma garini.

"Imezima," Sheryl alisema.

"Inazima ikiambiwa ukweli," akajibu Obiero. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Nanyama zaidi. "Sikilizeni. Mama yangu si nyumba ndogo. Miaka thelathini na mitano amepika katika boma hili. Kama picha yake na mume wake haipo, kesho mtu atasema hakuwepo. Jeneza halishuki mpaka niione. Na huyu atakaa hapa."

Kiti cha plastiki kikaletwa. Sheryl akaketishwa katikati ya vijana, kamera yake iliyokufa mapajani. Mahali fulani nyuma, sauti ya mwanamke ikasema, "Ni wa jamwa hao, mnategemea nini?" Jamwa ni mgeni, mtu wa kabila lingine. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto watatu waliozaliwa Kisumu, na neno hilo bado lilijua njia ya kumfikia.

Nanyama aliitazama mikono ya wale vijana. Haikuwa imekunja ngumi. Ilining'inia tu, haina kazi, na mikono isiyo na kazi ndiyo hutafutiwa kazi. Alikuwa amesikia ya mpiga picha wa Ahero aliyevunjiwa kamera kichwani. Alikuwa amesikia mengine pia, ambayo hakutaka yapite akilini mwake wakati binti yake ameketi pale, magoti yamebanwa pamoja kama mtoto wa shule aliyeitwa ofisini.

"Kadi," alisema. "Tutoe kadi yake, tuitie kwa hii kubwa. Mtaziona."

Kati ya nafasi mbili za kamera kubwa, moja ilikuwa ya kadi ndogo kama ile. Alitoa ya kwake, akaingiza ya Sheryl, akabonyeza kitufe cha kutazama. Obiero aliinama karibu hadi Nanyama akasikia pumzi yake.

Kwenye skrini ilitokea alama ya kuuliza.

Akasogeza mbele. Alama ya kuuliza. Akasogeza tena. Zilikuwa kumi na nne kweli, mashine iliweza kuzihesabu, lakini zilikuwa picha za kizazi kingine na kamera ya zamani haikujua kuzisoma.

"Mama yangu ndiye hiyo alama?" Obiero akauliza.

Nanyama alidhani ameiingiza vibaya. Akaitoa kadi, akaipangusa kwenye gauni, akairudisha. Na vidole vyake, vilivyokuwa vimekariri, vikaanza safari yao pasipo yeye. Chini, chini, chini, kati. Maneno ya Kiingereza yalitokea. Kidole gumba kilikuwa kimekwisha lala juu ya kitufe cha mwisho Sheryl aliporuka kutoka kitini na kumkamata kifundo cha mkono.

"Mama. Toa kidole."

"Kuna nini?"

"Unasafisha kadi. Unazifuta zote. Toa kidole polepole."

Kijana mmoja alikuwa amekwisha mshika Sheryl bega, akidhani anatoroka. Hakuna aliyesogea. Nanyama alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine, akakiinua, na skrini ikarudi kwenye alama yake ya kuuliza. Kisha akaketi kwenye nyasi. Kadi moja, nafasi moja, hakuna pacha yake popote duniani, naye alikuwa amebakiza unene wa ngozi ya kidole.

"Huyo wa muziki ana kompyuta," Sheryl alisema. Alikuwa bado ameshikwa bega, na hakumtazama aliyemshika, alimsemesha Obiero. "Niende nayo mimi, ama uende nayo wewe. Lakini mtu asibonyeze kitu."

Obiero aliichukua kadi mwenyewe, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota jino. Kiti cha Sheryl kikabebwa nyuma yake, naye akaketishwa tena.

Frankline, mwenye vipaza sauti, alikuwa kando ya jenereta na sahani ya ugali mapajani.

"Yangu ni ya nyimbo," alisema. "Ina virusi wengi kuliko waimbaji."

"Ina tundu la kadi?" Obiero akauliza.

"Iko."

"Basi fungua."

Alifungua. Mashine ilikuwa kongwe. Ilinguruma, ikafikiri, ikazungusha kiduara chake. Watu walijaa nyuma yake. Nanyama alikuwa amejikokota akasimama nyuma ya kiti cha binti yake, mikono miwili juu ya mabega yake, juu ya vidole vya yule kijana ambaye naye hakuviondoa. Aliomba kwa Kibukusu. Kiswahili kilikuwa cha kazi, Kijaluo cha ndoa. Lugha ya kuogopea alikuja nayo kutoka kwao.

Picha ya kwanza ilishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari. Kwanza buluu ya hema. Kisha kitambaa cheusi cha kichwa. Kisha uso wa Mama Aoko.

Hapakuwa na chenga. Mwanga ule mbovu wa hemani kamera ndogo iliukusanya wote ikaumimina juu ya mtu mmoja. Mama Aoko hakuwa amesimama wima kama wanavyosimama watu. Hakuna aliyemwambia anapigwa, hakuna mlio uliomwonya, na hivyo hakujipanga. Mkono wake ulikuwa kwenye kola ya mzee, unaikunjua, na mdomo ulikuwa wazi kidogo, katikati ya neno. Nyusi zake zilikuwa zimekunjamana, kama mke anayemwambia mume asiende mkutanoni na shati lile.

Frankline aliweka sahani chini. Akasogeza. Mama Aoko tena. Kisha Obiero mwenyewe, amenyooka, anangoja, uso umekazwa, lakini macho ni ya mtoto aliyeachwa kwenye lango la shule jioni na wenzake wote wamekuja kuchukuliwa. Obiero aliitazama hiyo kwa muda mfupi sana.

"Peleka mbele," alisema.

Zote kumi na nne zilikuwepo. Nanyama alianza kuvuta pumzi, na hapo ndipo sauti nyingine ilipotoka upande wa kulia. Alikuwa Lornah, binti wa Mama Dorca, mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani.

"Na sisi mbona tumesimama kama askari wa gwaride? Mama Aoko anaongea na Baba. Mama yetu anatazama mbele kama wa kitambulisho. Walijuaje kumpiga huyu hivi, na wetu vile? Kifunguliwe, na sisi tuongee."

Manung'uniko yalipita kwenye kundi. Nanyama aliyaona yakigeuka, kama upepo unavyogeuza omena, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa: hasira ilikuwa imeshuka upande mmoja na sasa ilipanda wa pili. Vijana wa nyumba ya kwanza nao walikuwepo. Akazidi kukaza mikono kwenye mabega ya Sheryl.

"Lornah, keti," alisema Mama Dorca.

Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya hema, hakusimama, hakugeuka.

"Mama, lakini..."

"Mimi na baba yako hatukuwa tunasemezana tangu Jumapili ile aliyouza dume la ng'ombe bila kuniambia. Alikufa hatujamaliza. Ulitaka nimwambie nini mbele za watu?"

Mama Aoko alicheka chini ya leso yake, kicheko kimoja kilichomponyoka, akaufunika mdomo haraka kwa aibu. Mama Dorca akamtazama. "Cheka," alimwambia. "Dume lenyewe wewe ndiye uliyelilisha."

Lornah akaketi.

Mama Aoko akaja hadi kwenye kile kiti cha plastiki. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko picha yake. Alimtazama Sheryl, kisha mkono wa yule kijana uliokuwa begani, na ule mkono ukaondoka wenyewe.

"Binti," alisema, "hiyo ya kola usiwape hawa waiweke kwa simu. Niletee mimi."

"Nitakuletea, Mama."

"Niliyokuwa nikimwambia hayasikiki humo?"

"Hapana, Mama. Ni picha tu. Haina sauti."

"Ni vizuri," Mama Aoko akasema, akaenda zake.

Obiero hakuomba msamaha. Alimrudishia Nanyama kadi mkononi, akaifumba mikono yake miwili juu ya mkono wake kwa muda, kisha akaenda kushika mpini wa jeneza upande wa kichwa.

Ilibaki kazi ya kaburini, na kamera iliyokuwa hai ilikuwa moja tu. Nanyama alijaribu kuiinua ile kubwa hadi jichoni. Ilimlemea ikamgonga kwenye paji. Sheryl akaitoa shingoni mwa mama yake, akaivaa, akainama kidogo kwa uzito wake. Hakuizoea. Alikitafuta kitufe kwa kidole, akakipata, na jeneza lilipotoka hemani akaanza kupiga: klaa, klaa. Waombolezaji walisikia, wakajua wanaonekana, wakampisha.

Nanyama alimfuata nyuma, hatua kwa hatua, kupitia viti vilivyoanguka na kuvuka mtaro wa maji. Mkono mmoja aliufumba juu ya ile kadi ndogo, kwa nguvu hadi kingo zake zikamwachia alama kwenye kiganja. Wa pili uliushika mkanda wa gauni la binti yake kwa nyuma, na haukuuachia walipofika kaburini, wala udongo ulipoanza kuanguka, wala watu walipomtazama wakashangaa.

"Mama," Sheryl alisema bila kutoa jicho tunduni. "Unatikisa picha."

"Acha zitikisike," Nanyama alisema, akauzungusha mkanda mara moja zaidi kwenye ngumi yake.